Aliyeondoka Mdomoni mwa Shimo

Ninyi wenzangu wa kibarazani kwa fundi cherehani mmeniuliza mara tatu safari yangu ya migodini ilikuwaje, na mara zote tatu nimewajibu habari za mvua. Msinifikirie vibaya. Mtu aliyesoma chuo Uganda, na anayejulikana wilaya nzima kwa kupenda kusikia sauti yake mwenyewe, akikosa maneno huona aibu. Kwa hiyo naandika. Mtasoma mkiwa pamoja, nami sitakuwepo kuona nyuso zenu.

Kilichonipeleka mnakijua. Masele, mwana pekee wa dada yangu, aliondoka na wenzake watano kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Mwaka wa kwanza salamu zilikuja. Kisha wenzake wakarudi mmoja mmoja, na kila aliyeulizwa habari za Masele alisema, "Tuliachana huko," halafu akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakuwa nacho. Kwetu msiba huanza kwa kunyoa nywele, na huwezi kunyoa kwa ajili ya mtu ambaye hujaambiwa kwamba amekufa. Dada yangu akawa halii wala hatulii. Nkwimba, mke wa Masele, akawa si mke wala si mjane.

Mimi mwenye elimu niliandika barua nne bomani, za Kiingereza ambacho mwalimu wangu angejivunia. Baada ya mwaka na nusu jibu lilikuja: migodi imeulizwa, na hakuna mgodi uliowahi kuwa na mfanyakazi wa jina hilo. Nilimsomea dada, nikimfasiria neno kwa neno. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo Serikali inasema sikumzaa?"

Kesho yake nilifunga mzigo.

Shinyanga hadi Isaka

Gari la moshi lilichelewa kwa saa nne, na lilipofika halikuomba radhi. Nilikaa kati ya mfanyabiashara wa ngozi wa Tabora mwenye kanzu, aitwaye Mzee Feruzi, na mama mmoja wa Kisukuma aliyebeba kapu la michembe. Viazi hivyo vikavu alitugawia bila kutuuliza, kama watu wa kwetu wanavyofanya, na vilikuwa vigumu kiasi kwamba kwa dakika kadhaa behewa zima lilisikika likitafuna.

Mzee Feruzi alikuwa mpenzi wa maendeleo. "Baba yangu alitembea mwezi mzima kwenda pwani na pembe ya ndovu kichwani," alisema. "Mimi nimekaa. Nimevua viatu. Mnasema nini juu ya hilo?"

"Nasema miguu yako inanuka," alijibu yule mama, na behewa likacheka. Kisha akasema taratibu, akiangalia nje, "Zamani mwanamume akiondoka ulijua atarudi baada ya mavuno, maana mwendo ulikuwa na mwisho. Siku hizi anaondoka kwa siku moja na anapotea miaka mitatu. Mimi sijui huko mbele mnawawekea nini."

"Kazi, mama," alisema Mzee Feruzi.

"Kwani huku hakuna kazi? Tumefyeka pori la mbung'o mpaka mikono imeota magamba. Serikali ikihesabu mbung'o waliokufa, siku moja ihesabu na watoto waliopotea."

Aliniuliza naenda wapi. Nilimwambia namtafuta mpwa wangu. Hakunipa pole. Aliingiza mkono kapuni akaniongezea michembe.

Isaka, siku mbili za springi

Pale Isaka niliambiwa lori la Ushirombo linaondoka mara moja. Maana ya "mara moja" kwa watu wa motokaa nimeielewa sasa: ni siku mbili. Springi ilikuwa imekatika na nyingine ilikuwa inasubiriwa kutoka Tabora.

Dereva, Ramadhani, alikaa kivulini mwa lori lake akiwa na huzuni ya mtu aliyefiwa. Nilijaribu kumfariji kwa kusema mashine ina faida kuliko mnyama, kwa sababu haichoki. Mambo ya namna hii huwa nayasema.

"Mwalimu," alinijibu, "ng'ombe akiumwa unamchinja, unakula. Lori likiumwa unakaa nalo na njaa."

Tulikula ugali wa mtama na jogoo mmoja ambaye, kwa ugumu wake, naamini alikuwa akiitembelea stesheni tangu reli ijengwe. Abiria tulikuwa kumi na wawili, na kwa kuwa hatukuwa na la kufanya, tuliitengeneza nchi. Mmoja alitaka kodi ifutwe. Mwingine alitaka ibaki lakini watemi wafutwe. Wa tatu, aliyewahi kufungwa, alisema jela ndiyo ofisi pekee ya Serikali aliyoikuta ikifunguliwa kwa wakati. Nami nilitoa hotuba ndefu juu ya umuhimu wa kumbukumbu za maandishi. Nilisema nchi isiyoandika watu wake haiwezi kuwajua. Walinisikiliza kwa heshima. Nawaomba mkumbuke kwamba nilikuwa na barua ya bomani mfukoni wakati nikisema hayo.

Geti la mbung'o

Mbele ya Kahama, mahali ambapo pori linaanza kuwa pori kweli, barabara ilifungwa kwa mti na askari akatoka kibandani na wavu. Kazi yake ni kukagua kila gari na kila mtu, ili mbung'o asipande lori akaenda kuua ng'ombe upande wa pili. Tulishuka, tukazungushwa kama watoto wanaovalishwa. Mgongoni mwa koti langu alimpata mmoja. Alimtia chupani na akasema lazima aandike.

Aliandika kwa muda wa saa nzima, kwa sababu kalamu ilikuwa na tatizo na ukurasa ulitaka jina la aliyembeba. Kwa hiyo jina langu limo katika kitabu cha Serikali, pembeni ya mbung'o.

"Na mbung'o anayevuka kwa mbawa zake?" nilimuuliza.

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Huyo hana kosa, Mwalimu. Sheria imetaja magari na watu."

Nilicheka mpaka Ushirombo. Nacheka kidogo sana nikikumbuka sasa.

Ushirombo

Nilifika karibu na misheni mchana, nikiwa nimevaa kaptula, kofia na kalamu kifuani. Nilikaa chini ya upenu wa nyumba ya katekista, nikatoa daftari, na nikamuuliza kijana wa kwanza aliyepita kama anawafahamu wanaume waliokwenda migodini, na majina yao ni yapi.

Alisema atawaita wenzake. Baada ya nusu saa niligundua kwamba kijiji hakina mwanamume hata mmoja. Majembe yalikuwa yamelala shambani yalipotupwa.

Katekista, mzee mpole aitwaye Yohana, aliporudi kutoka kanisani alicheka akashika mbavu. "Wamekuona na daftari, wamedhani umekuja kuandikisha watu wa kazi ya mgodi. Watalala porini leo, maskini. Ungekuja na bunduki wangekukaribisha."

Mkewe alinipakulia ugali na mlenda, akasema mimi si wa kwanza. Watu wa daftari, alisema, wako wa aina tatu: wanaotafuta kodi, wanaotafuta vibarua, na wanaotafuta dhambi. "Wewe uko upande gani?"

"Natafuta mtoto wa dada yangu."

Aliondoa daftari langu mkekani kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa konokono, akaliweka juu ya dari. "Basi hilo liache huku," alisema. Nililiacha. Asubuhi wanaume wawili walitoka porini, wakaomba radhi, nami nikaomba radhi, na mmoja wao akakubali kunionyesha njia ya Nyarugusu. Tulitembea siku tatu.

Mgodini

Mashine ya kuponda mawe tuliisikia saa nzima kabla ya kuiona. Ulikuwa mgodi mdogo wa Wazungu wawili, mbele ya Nyarugusu, wenye mashimo saba na nyumba za bati. Karani alinipokea vizuri. Alifungua kitabu cha wafanyakazi, akapitisha kidole toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akanionyesha. Masele hakuwemo.

Nilitoka nikaenda kunywa uji kwa mama mmoja anayewapikia wachimbaji, Mama Kabula, mwenyeji wa upande wetu. Nilimsalimu kwa Kisukuma na kumweleza shida yangu.

"Huyo Masele," aliuliza, akikoroga, "nyumbani alikuwa mwinda nungu?"

Alikuwa mwinda nungu. Kijiko kilinibaki mkononi.

Ninyi wa mjini labda hamjui kazi hiyo. Kwetu kuna chama cha wanaume wanaowinda nungunungu kwa kutambaa ndani ya mapango yao chini ya ardhi. Anayeingia hutangulia na mkuki na kibatari. Mwenzake hukaa mdomoni mwa shimo na kumwita, na wa ndani hujibu kwa kugonga. Aliyekaa mdomoni hainuki mpaka mwenzake atoke. Shimo likimfunika wa ndani, yule wa mdomoni ndiye anayekwenda kumwambia mama yake. Mwingine haruhusiwi kuipeleka habari hiyo, hata aulizwe vipi. Tena katika kazi ya shimo hawatajani majina ya nyumbani. Kila mtu ana jina la shimoni.

Mgodi ukiwa na sehemu nyembamba ambazo wengine wanaogopa, huwatafuta watu hawa. Wao, kwa kuwa shimo ni shimo, walijiandikisha kwa majina ya shimoni.

Haya yote niliyajua kabla sijajua kusoma. Kisha nikasoma.

"Mwinda nungu ambaye hakutoka hapa ni mmoja tu; aliitwa Kidole," alisema Mama Kabula. "Kwa vile alipita panapopita kidole." Kisha akaacha kukoroga. "Pole, baba."

Nilirudi kwa karani. Kulipata jina hilo kulimchukua muda mfupi kuliko askari alivyomwandika mbung'o. *Kidole. Msukuma. Kwao hakujulikani. Amefariki shimo namba nne.* Ndani ya kitabu palikuwa na barua iliyokunjwa, ya kuwapa pole ndugu wa marehemu. Haikuwa na anwani.

"Sheria inataka iandikwe," alisema karani kwa sauti ya chini. Nadhani alikuwa mtu mwema. "Haisemi ifike."

Luhende

Nilimuuliza Mama Kabula nani alikaa mdomoni. Alinionyesha kwa kidevu mtu aliyekuwa akipasua kuni za kulisha tanuru la mashine, mwembamba, wa umri wa Masele. "Luhende. Tangu siku ile hashuki chini. Nyumbani kwenu hakanyagi."

Nilikwenda nikajitambulisha kuwa ni mjomba wa Masele. Aliweka shoka chini, akakaa kitako mavumbini. Hakunipa mkono.

Nilikuwa na mpango, maana watu wa aina yangu huwa na mpango. Nilimwambia nitaandika maneno yake kwenye karatasi, aweke dole gumba, karani ashuhudie, nami nitampelekea dada yangu. Hatalazimika kusafiri.

"Mjomba," alisema, "karatasi ilikaa mdomoni?"

Nilirudisha kalamu kifuani. Alianza kusimulia bila kuombwa. Mawe yaliporomoka asubuhi, Masele akiwa amekwenda mbele kupima mwamba. Nafasi ya mkono tu ilibaki. Luhende alikaa akimwita, na Masele aligonga. Filimbi ya hatari ikalia, watu wakatoka. Nyapara akasema amri ya mgodi ni kila mtu nje. Luhende akakaa. Jua likapita utosini. Aliita, mwenzake akagonga. Filimbi ya pili ikalia na magogo ya dari yakaanza kupasuka.

"Walikuburuta?" niliuliza. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Nilitoka kwa miguu yangu."

"Na yeye?"

"Alikuwa anagonga." Alichukua kibanzi cha kuni akakivunja, akavunja na nusu yake. "Sikumuaga. Ningefungua mdomo ningebaki. Sikuwa nimefika juani shimo likajifunga. Sasa nimpelekee mama yake nini? Habari ni ya aliyekaa. Mimi sikukaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kamba za viatu. Wenzake wanne walirudi wakijua, lakini haikuwa haki yao kusema. Na mwenye haki alijihesabu ameipoteza. Kwa hiyo dada yangu alisubiri.

Nilimwambia mambo mengi yenye busara, na hakuna lililomgusa. Mwishoni nilichoka nikasema tu yaliyoko nyumbani: kwamba nyumba ya Masele inavuja, na kwamba mama yake ameiezeka upya mara mbili, peke yake, juu ya ngazi, kwa umri ule, ili mtoto akirudi asikute imeoza. Mwaka huu ameshaanza kukata nyasi tena.

Luhende aliendelea kuvunja vibanzi mpaka mashine ilipopumzishwa kwa chakula. Kisha akainuka, akalirudisha shoka kwa mwenyewe.

Kurudi

Tulitembea hadi Ushirombo, tukapata lori la karanga hadi Isaka. Sikumbuki kama lilichelewa. Katika geti la mbung'o yule askari alinitambua akataka kutania, akatuangalia, akainua mti bila kutuzungusha.

Luhende alikula kidogo na kuzungumza kidogo zaidi. Mimi nilizungumza. Siku zote nne nilikuwa nikimtengenezea uongo, na niliupiga msasa hadi ukawa laini. "Mwambie alikufa papo hapo," nilisema. "Jiwe moja, basi. Mama akisikia kwamba mwanae alikuwa hai wewe ukiondoka, utakuwa umemuua na yeye. Ukweli huu unamsaidia nani?"

"Sijui, Mjomba."

"Basi sema nilivyokwambia."

"Nimesikia, Mjomba."

Kusikia na kukubali si jambo moja, lakini sikumuuliza zaidi. Ndani ya gari la moshi alisimama njia nzima, akishika kizingiti cha dirisha, ingawa viti vilikuwepo.

Nyumbani kwa dada

Tulifika saa tisa za mchana. Dada yangu alikuwa uani akifunga matita ya nyasi. Aliniona, halafu akamwona anayekuja nyuma yangu, na mikono yake ikaacha kufanya kazi. Sikuwa na haja ya kutamka lolote. Kwa watu wa kwetu, Luhende kuingia peke yake katika uwanja ule ilikuwa habari yenyewe. Nkwimba alitoka jikoni, akarudi ndani, na tukamsikia akianza kulia. Dada hakulia. Alikaa juu ya tita la nyasi.

Luhende alipiga magoti mbali kidogo, jinsi desturi inavyotaka. "Mwadila, Mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa mdomoni?"

"Mimi, Mayu."

"Shimo lilimfunika?"

"Lilimfunika."

"Alikuwa anakujibu?"

Nilikohoa. Naona haya kuandika hili, lakini nilikohoa kwa nguvu, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi darasani. Luhende alinitazama, kisha akamtazama dada.

"Alikuwa anajibu, Mayu. Alijibu mpaka jua likapita utosini. Nami niliondoka akiwa anajibu."

Nilifumba macho. Nilisubiri kilio, au laana. Mwanamke anaweza kumlaani mtu kwa jambo kama hilo na kijiji chote kikaona ana haki. Nilisikia mbuzi, na Nkwimba ndani, na kamba ya nyasi ikizungushwa taratibu kidoleni.

"Ulimwambia unaondoka?" aliuliza dada.

"Hapana. Sikumwambia. Niliinuka tu. Hata kumuaga sikumuaga, Mayu."

"Hata neno?"

"Hata neno."

"Basi hakujua."

"Hakujua."

Nilifumbua macho nikamwona dada akitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, bali kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi.

"Afadhali," alisema. "Alikufa akijua upo."

Luhende alianguka kifudifudi, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Dada alimwacha alie. Kisha aliinuka, akamwita Nkwimba alete maji na wembe. Mimi, nikiwa mjomba, nilisogea nikavua kofia, nikiamini mimi ndiye wa kwanza kunyolewa. Alinipita.

"Inua kichwa, mwanangu," alimwambia Luhende, akaanza naye.